Kiatu cha Dohani

Mmeanza tena. Kila mkija hapa likizo kwangu mimi bibi yenu, mkishashiba viazi vyangu, mnauliza: kukhu, mbona Dalmas harudi? Mbona hata kwa matanga ya babu yake hakuonekana? Halafu mnatazamana. Mnajua kuna kitu. Mmekisikia sokoni, kikiwa kimepikwa na watu wasiojua kupika. Sasa mwenzenu Terry ananiambia, "Kukhu, andika basi, tuache kukusumbua." Andika! Mimi niliyeacha shule kabla sijafika urefu wa ubao. Haya, nitaandika: mimi nasema, Terry anashika kalamu. Lakini mjue siipendi hadithi hii, na si kwa sababu inatisha. Inatisha, lakini mikono hii imeosha maiti wengi mno, siogopi tena vitu vinavyotembea bila ruhusa. Siipendi kwa sababu ni ya aibu, na aibu yenyewe ililelewa kwa nyumba hii, kwa uji wangu.

Nusu nimeipata kwa Dalmas mwenyewe, kwa simu. Nusu nimeipata kwa Mirriam, ambaye alikaa hapo kwa kiti cha mlangoni akaniambia yote bila kutoa chozi. Ningependa angelia. Ingekuwa rahisi kwangu.

Dalmas ni mjukuu wangu wa kwanza. Mkewe alipofariki aliniachia mtoto wao, Maryann, akaenda Saudia kuendesha gari. Bosi wake anakaa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, kule ambako ukuta wa nje peke yake ni mzuri kuliko kanisa letu. Kwa nyumba hiyo hiyo alikuwa anafanya kazi Mirriam, binti wa huku kwetu, ambaye mama yake tunauza naye mboga soko moja. Mirriam alikuwa anapika, anafua, na anamlea mtoto wa bosi, kasichana kanaitwa Jood. Na kwa vile Dalmas hajui kupika hata chai, Mirriam alikuwa anamwekea sahani ya chakula nyuma ya mlango wa jikoni, ameifunika vizuri, kila siku ya Mungu. Dalmas alimwita dada. Shikeni hapo. Alimwita dada.

Sasa huyo bosi alisomea Uingereza akiwa kijana, na huko akapenda. Wenzake walipenda wasichana, yeye akapenda nyumba. Nyumba ya mkulima, ya miti, kuukuu, imesimama tangu enzi za watu ambao hata wajukuu wa wajukuu wao wameshasahaulika. Alipopata uwezo akainunua. Ikafunguliwa mti mmoja mmoja kama kitanda, ikapakiwa kwa makontena, ikashushwa bandarini Jeddah, ikapanda malori mpaka nje ya mji wa Riyadh, kwa shamba lake la kupumzikia, wao wanaita istiraha. Mchanga mbele, mchanga nyuma, na katikati nyumba ya watu wa mvua.

Dalmas aliendesha lori mojawapo. Kisha bosi akamwacha huko asaidie mafundi, na Mirriam akaletwa awapikie.

Alikuwa akinipigia simu ananielezea hiyo nyumba mpaka naona njaa. Nguzo za mwaloni, nene kuliko kiuno cha mwanamume, nyeusi kama masizi. Msumari hakuna. Ulimi wa mti huu unaingia kwa tundu la mti ule, halafu kigingi cha mbao kinapigwa, basi, vimeoana. Na kila kiungo kimekwaruzwa alama kwa patasi, mti huu na mwenzake, kwa sababu ukiupeleka ulimi kwa tundu la jirani unakataa. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, kama mtu aliyeinama kusikiliza maneno ya watu. Na kati ya nguzo na nguzo kuna nini? Fito. Fito zilizosukwa, juu yake udongo uliokandwa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe.

"Kukhu," akaniambia akicheka, wakati bado alikuwa anacheka, "hawa watu walikuwa wanaishi kwa jikoni yako!"

Nikamwambia nimefurahi kusikia. Walipokuja hapa kutuambia nyumba zetu ni chafu, hilo walisahau kulitaja.

Basi kazi ya kukandika kuta akapewa yeye, maana utotoni nilimkandisha hii jikoni mpaka kucha zikatoka rangi. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kiingereza anaitwa Stephen, uso mwekundu, magoti yamekufa, mkali kama mimi. Huyo ndiye aliyeifungua ile nyumba kwao, na ndiye aliyekuja kuisimamisha upya. Neno lake lilikuwa moja tu: kila kitu kirudi pale kilipotoka.

Katikati ya nyumba kulikuwa na dohani. Bomba la moshi, lakini si bomba la kuchezea. Ni mnara wa matofali, mpana, unaingia kwa meko ukiwa umesimama, ukiinua kichwa unaona mbingu kijipande. Juu ya meko pamelala boriti moja kubwa, na kwa hiyo boriti mtu wa zamani alikuwa amechora maua ndani ya duara, kwa ncha ya chuma. Kando ya maua, makovu ya moto. Membamba, marefu, kama mtu alikuwa akiichoma kwa mshumaa makusudi.

"Haya ni ya nini?" Dalmas akamuuliza.

"Ya kuzuia," Stephen akasema.

"Kuzuia nini?"

"Chochote kinachoshuka."

Akarudi kupiga vigingi vyake.

Siku ya Stephen kuondoka, jua likielekea kuzama, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likiwa limeshawashwa, akamwita Dalmas kando. Akampa kitu kimefungwa kwa gunia kuukuu. Kidogo, chepesi.

"Ndani ya dohani, mkono wa kushoto, juu ya kichwa chako, kuna kishubaka," akamwambia. "Hiki kilitoka hapo. Magoti yangu hayapandi. Kirudishe leo, ukikandike, usiache ufa."

"Ni nini?"

"Kiatu. Kinachoshuka kinaingia humo kwa sababu kinadhani ni mtu. Kikishaingia, hakijui kurudi nyuma." Akamwangalia Dalmas sana. "Mimi siamini mambo haya, kijana. Lakini nimefungua nyumba nyingi. Kirudishe."

Akaingia kwa gari. Akaenda zake.

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Kuweka kiatu kwa tundu na kupaka udongo. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Dalmas akaingia kwa meko na karai la udongo, akapanda juu ya ubao. Nje, mbali, adhana ya magharibi. Ndani ya dohani, giza na harufu ya masizi baridi. Akakipapasa kishubaka, akakipata. Akafungua gunia.

Kilikuwa cha mtoto. Cha mguu wa kulia. Ngozi nyeusi, imekauka kama samaki wa kubanika, kisigino kimelika upande mmoja, kwa ndani alama za vidole vitano vidogo zimezama. Akakishika kwa mkono wenye udongo.

Kilikuwa na joto.

Kama kimevuliwa sasa hivi.

Hapo mjukuu wangu akaingiwa na hofu mbili. Ya kwanza ya Mungu, maana alikuwa ameokoka na hakutaka kupanda uchawi kwa ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Ya pili ya watu, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa na meno. Kule ukishikwa umeficha kitu cha namna hiyo kwa nyumba ya bosi, hawakuulizi mara mbili. Wanasema sihri, uchawi huo. Halas, umekwisha. Nani angeamini kwamba Mwingereza mzee ndiye aliyekutuma?

Angeweza kungoja asubuhi ampigie bosi simu. Angeweza kusema, bosi, Stephen ameacha hiki, nifanye nini. Hakusema. Akakikandika kishubaka kikiwa kitupu, akakilainisha vizuri, kiatu akakitia ndani ya shati akitupe mchangani.

Hajatoka hata mlangoni, taa za gari zikamulika uani. Bosi, madam na Jood wamefika kutoka Jeddah, kuiona nyumba. Dalmas akapita upande wa jikoni. Nyuma ya mlango ulikuwa unaning'inia mkoba wa Mirriam, ule wa kitambaa. Akakisukuma humo, chini kabisa, chini ya leso.

Nitakitoa baadaye, akajiambia.

Kwa nini mkoba wa Mirriam? Nilimuuliza. Akasema, "Kwa sababu hata angenikuta, hangenisemea, kukhu." Mmesikia? Alichagua mtu mwema kwa sababu ni mwema.

Usiku huo nyumba ilianza kulia. Bosi akafurahi, akasema ni mwaloni unakauka, hewa ya Riyadh haina maji. Na kweli miti ilikuwa inapasuka, vigingi vinafinya. Lakini asubuhi kulipopambazuka Mirriam alimkuta Dalmas akiosha gari, akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Dalmas. Kuna mtoto mwingine kwa hii nyumba?"

"Mtoto gani?"

"Sijui. Anatembea. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Kok... faa. Kok... faa. Unashuka ngazi, unakuja mpaka mlango wa jikoni. Unasimama pale mkoba wangu uko."

Dalmas akaendelea kusugua gurudumu.

"Na kuna harufu," Mirriam akasema. "Majani mabichi. Moshi uliolowa. Kama kwetu mvua ikinyesha usiku. Huku mvua iko wapi, ndugu yangu?"

"Ni mbao," akamwambia. "Zinakauka. Bosi amesema."

Akamwangalia machoni akisema hivyo. Mirriam akaitikia kwa kichwa. Akamletea chai.

Alijaribu kukitoa, hilo nakubali. Mchana huo aliingia jikoni akatia mkono kwa mkoba, akagusa leso, akagusa ngozi. Na ndani ya kile kiatu, vidole vikajikunja.

Akautoa mkono. Akafunga mlango. Hakurudi tena jikoni hata kwa chakula.

Ndipo Jood akaanza. Kwanza alikuwa anavua kiatu cha kulia na kukiacha kwa meko. Wakimvalisha, anavua. Madam akimkaripia, anasema, "Yule msichana anakitaka, chake kimepotea." Kisha akaanza kuchechemea. Daktari akaletwa kutoka mjini, akaugeuza ule mguu huku na huku, hakuona kitu. Lakini mtoto alikuwa anachechemea, na mguu ulikuwa wa baridi, na kila akipita sakafu ya mwaloni palibaki unyevu.

Madam hakuwa mjinga. Akamwambia mumewe neno moja tu, lile la sihri.

Ilikuwa adhuhuri, lakini vumbi lilikuwa limekuja kutoka jangwani. Likafunika jua. Anga ikawa nyekundu, halafu ya kahawia, mpaka taa zikawashwa mchana. Vyombo vya wafanyakazi vikamwagwa sebuleni kwa ile nyumba, chini ya boriti ya maua. Sanduku la Dalmas. Godoro lake. Kisha mkoba wa kitambaa. Madam akaugeuza juu chini.

Leso. Biblia ndogo. Kitana.

Kok.

Kikaanguka kwa sakafu kikasimama wima. Kikaelekeza ncha kwa Mirriam.

Nje upepo ulikuwa unasugua mchanga kwa vioo vidogo vya madirisha.

"Mirriam," madam akasema polepole, "hiki ni nini?"

"Sikijui, madam. Wallahi... naapa kwa Mungu, sikijui."

"Mafi kujua? Hujui? Kwa mkoba wako?"

Bosi alikuwa mtu wa haki, mjue. Hakurukia. Akamgeukia Dalmas. "Wewe ulikandika kuta zote hapa. Ulikuwa na Stephen. Umewahi kukiona hiki?"

Mirriam alikuwa amepiga magoti anakiangalia kile kiatu. Na kwa ubavu wa hicho kiatu, juu ya ngozi nyeusi, kulikuwa na udongo umekauka. Mweupe, wenye vijiti vya majani. Na kwa huo udongo, alama ya dole gumba. Limechapika lote, mpaka lile kovu la panga alilojikata Dalmas akiwa mdogo akichanja kuni zangu.

Mirriam alikuwa amekiona hicho kidole kikishika sahani zake siku zote. Akakijua.

Akainua uso. Hakupiga kelele. Hakumtaja. Alisema kwa Kiswahili, ambacho wale wengine hawakisikii:

"Dalmas, sema."

Tu hivyo. Sema. Alimpa yeye nafasi aitoe mwenyewe.

Na mjukuu wangu, niliyemfundisha kusali, akaangalia sakafu, akasema:

"Mafi, bosi. Sijakiona."

Wakamtia Mirriam kwa gari vumbi likiwa bado linavuma, wakampeleka mjini Riyadh. Dalmas ndiye aliyeambiwa afungue lango. Akafungua. Mirriam hakugeuka. Kile kiatu, mlinzi mmoja alikibeba kwa koleo, na baadaye tukasikia kilichomwa, kikasomewa, kikachomwa tena.

Jioni vumbi lilipoanza kutulia, madam akamwambia Dalmas aingie afunge madirisha, kesho wanarudi Jeddah. Akaingia. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna mti uliolia. Akafunga dirisha la kwanza, la pili. Akafika kwa meko.

Chini, kwa majivu, kulikuwa na vipande vya udongo.

Akainama akaangalia juu. Kishubaka kilikuwa wazi. Udongo alioulainisha kwa mkono wake ulikuwa umepasuliwa. Kutokea ndani.

Harufu ya majani yaliyolowa.

Kisha sauti, kutoka juu, kwa lile koo la matofali. Alingoja kusikia mtoto. Ingekuwa afadhali mtoto. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, yenye aibu. Ilikuwa yake.

"Mafi, bosi... Sijakiona."

Kimya.

"Sijakiona... Sijakiona..."

Na kitu kidogo, cha baridi, kikamshika kifundo cha mguu wa kulia. Kikaanza kufungua kamba.

Alikimbia. Kiatu kilibaki mkononi mwa huyo aliyekishika, na asubuhi kilikuwa kimewekwa kwenye kizingiti, kamba zimefungwa vizuri, ndani kimejaa maji.

Mnafikiri alisema? Hakusema. Aliendesha gari mpaka Jeddah, Jood amelala kiti cha nyuma na mguu wake wa baridi, na hakusema. Akakaa kwa chumba chake cha pale langoni Al-Rawdah na hakusema. Sahani nyuma ya mlango hakuna tena.

Ijumaa moja akaenda mtaa wa Sharafiya, kwa hoteli ya Wakenya, kula ugali. Akamkuta Josphat, rafiki yake anayekaa Al-Hindawiyah, na wengine meza nzima.

"We Dalmas!" Josphat akaita. "Hebu kuja hapa. Ni ukweli yule dada wa Bungoma ni mchawi? Tumesikia alipatikana na mguu wa mtoto kwa begi!"

"Si mguu, ni kiatu," mwingine akasema.

"Leo kiatu, kesho mguu. Na wewe ulikuwa unakula chakula chake, buda! Uko sure hujageuzwa? Toa ulimi tuone."

Wakacheka. Na Dalmas akacheka nao. Akautoa ulimi, wakauangalia, wakapiga meza. Hii sehemu hakuniambia kwa urahisi. Ya kwenye meko aliniambia haraka, lakini hii ya kucheka ilimchukua simu tatu.

Akiwa bado anacheka, simu yake ikalia. Nilikuwa mimi.

Sasa hapa sisimulii ya kuambiwa. Hapa nilikuwepo. Maryann alikuwa ameingia jikoni hii jua linatua, ametoka kuteka maji. Mguu mmoja una kiatu cha shule, mwingine mtupu. Anachechemea. Nikamuuliza kiatu kiko wapi, nikiwa tayari na fimbo.

"Nimempa yule wa ukutani, kukhu," akasema.

"Ukuta gani?"

Akanionyesha huo hapo, nyuma ya jiko. Nikaweka sikio. Ilikuwa kiangazi, mwezi mzima hatujaona tone. Lakini udongo wa ukuta ulikuwa umelowa, na ulinukia majani ya mahali nisipopajua. Na ndani yake mtu alikuwa anasema polepole, kwa sauti ya mjukuu wangu, kwamba hajakiona. Hajakiona.

Nikampigia. Nikamwambia, "Dalmas. Umefanya nini huko?"

Nilisikia watu wakicheka nyuma yake. Yeye alikuwa ameacha.

Basi ndipo akasema. Na Terry, nakuona ukitaka kulainisha hapa, usilainishe: hakusema kwa ajili ya Mirriam. Mirriam alikuwa amefungiwa muda wote huo, na mama yake alikuwa ameacha kuja sokoni kwa vile watu waliacha kununua mboga zake. Hayo Dalmas aliyajua. Alisema kwa sababu lilimfikia mtoto wake. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na siwezi kuiosha.

Akaingia kwa bosi, akapiga magoti kwa zulia. "Ni mimi, bosi," akasema. Akaeleza yote, Stephen, kishubaka, mkoba, kidole gumba.

Bosi akaweka kikombe chake cha kahawa chini. Akasema, "Yule binti alikuwa anakuita ndugu." Hakusema kingine. Akaondoka akaenda mwenyewe Riyadh kumtoa Mirriam. Haikuwa kazi ya siku moja, kwa sababu neno la namna ile kulitamka ni rahisi, kulirudisha ni balaa. Lakini alimtoa, akamleta madam amwombe Mirriam msamaha, akampeleka uwanja wa ndege kwa gari lake.

Mirriam alipotua alikuja hapa kabla hajaenda kwao, akakaa kwa kiti hicho. Nilimuuliza kama amemsamehe. Akaniambia, "Mimi niliomba neno moja tu, kukhu. Lilikuwa kwa mdomo wake." Akanywa maji, akaenda. Hadi leo tukikutana sokoni ananisalimu kwa heshima, nami naangalia mboga zangu.

Lakini dohani ilikuwa bado wazi. Jood alikuwa bado anachechemea Jeddah, na Maryann anachechemea hapa. Bosi akampigia Stephen kwao Uingereza. Mzee alipoambiwa kiatu kimechomwa, alikohoa kwanza.

"Basi kitiwe kingine," akasema. "Kisiwe kipya. Kiwe kimevaliwa mpaka kimeshika umbo la mguu, na kiwe cha mtu ambaye hatakihitaji tena."

Kwa sanduku la Dalmas kulikuwa na kiatu kuukuu cha Maryann, alichokibeba kutoka huku kama ukumbusho. Kwa chumba cha Jood kulikuwa na vyake kabati zima. Ningekuwa mwongo nikisema hakufikiria. Aliniambia alifikiria, njia nzima kutoka Jeddah mpaka Riyadh. Hilo nalo liko kwa hesabu yake.

Alifika istiraha jua likizama. Akakanda udongo, akapanda ubao. Akavua kiatu chake cha kulia, kile kile kilichofunguliwa kamba, akakiweka kwa kishubaka. Akasubiri. Kitu kikapita shingoni mwake kikishuka, baridi, kidogo, kinanukia mvua. Akasikia ngozi ikinyooka. Akasikia vidole vikijikunja na kutulia.

Akakandika. Hakuacha ufa.

Dakika hiyo hiyo Maryann aliruka kutoka kwa mkeka akakimbia nje kufukuza kuku. Kiatu chake cha shule nilikikuta asubuhi nyuma ya jiko, kikavu. Na kule Jeddah, Jood akaacha kuchechemea.

Bosi akampa Dalmas ruhusa ya kurudi nyumbani, na tiketi. Si mtu mbaya, nimesema. Dereva akaja kumchukua. Walipofika langoni, Dalmas akapiga kelele. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa baridi mpaka pajani. Wakarudi nyuma kidogo, ukapata joto. Wakaenda tena, ukafa. Wakajaribu na daktari, wakajaribu na sheikh, wakajaribu akiwa amelala usingizi. Akivuka lango moyo unaanza kusimama. Akirudi chini ya ile ghorofa iliyoinama, anapona.

Kwa hiyo yuko huko, na kiatu kimoja mguuni. Bosi amemwachia nyumba, hakuna mwingine anayetaka kulala humo. Babu yenu tulimzika bila yeye. Maryann amekuwa mrefu, anamjua kwa simu.

Huwa ananipigia jioni. Juzi tulikuwa tunaongea, na nyuma ya sauti yake nikazisikia hatua. Polepole, juu ya mbao.

Kok... faa.

Kok... faa.

Ujuaji wangu wote ukaniisha. Nikanong'ona, "Dalmas, nani huyo anatembea?"

Hatua zikakoma.

"Ni mimi, kukhu," akasema. "Ni mimi."